Beta-bloka hazizimi moyo
Kuna ujumbe unaozunguka miaka nenda miaka rudi kwenye vikundi vya Mombasa, Likoni hadi Kisauni: eti beta-bloka, yaani dawa za presha zinazopunguza mapigo, huuzoesha moyo uvivu mpaka usimame, kwa hiyo mapigo yakishuka, tupa vidonge. Si kweli, na huo ushauri wa mwisho ndio wa hatari.

Moyo huanzisha mapigo yake wenyewe. Mfumo wa neva unaojiendesha huyarekebisha tu: upande mmoja huyaharakisha kwa adrenalini na noradrenalini, upande wa pili, kupitia neva ya vagasi, huyatuliza. Beta-bloka huziba vipokezi vya ule uharakishaji, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa adrenalini. Ukiziacha ghafla, vipokezi vilivyoongezeka wakati wa dawa hukutana na adrenalini bila kizuizi. Mapigo na presha hupanda, na mwenye maradhi ya mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio.

Mkanganyiko unaeleweka. Wiki za mwanzo uchovu huja kweli. Hata madaktari, hadi miaka ya 1990, kwa kawaida waliwanyima dawa hizi wenye moyo dhaifu. Leo baadhi yake ni sehemu ya tiba yao.

Tazama pakiti: majina mengi huishia na "olol", kama atenolol. Soma karatasi ya ndani, huonya usiache ghafla. Hesabu mapigo ya kifundo cha mkono dakika nzima, ukiwa umetulia. Yakiwa chini ya 50, au ukipata kizunguzungu, muone daktari upesi. Ukizimia au kifua kikibana, nenda hospitali mara moja. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.