Je, wajua kwa nini risasi nyengine huacha mstari mwekundu angani?

Usiku wa kuamkia Januari 12 watu wanajaa Maisara kuangalia fashifashi za Mapinduzi, na hukosi kijana wa kukwambia ati zile nyekundu zinafanana na risasi za kwenye filamu za vita. Yakhe, kijana kasema kweli kuliko anavyojijua.

Risasi ile inaitwa tresa. Kwa nje ni risasi kama nyengine, ila kitako cha kile kichwa kina kishimo kilichoshindiliwa dawa ya moto, sasa ikifyatuliwa ile baruti ya kwenye ganda inakisukuma kichwa na papo hapo inaiwasha dawa, kinatoka mtutuni kinawaka kwa nyuma. Wekundu ni wa strontiamu, madini hayo hayo yanayotia wekundu fashifashi. Tresa za Wasovieti nyingi zilikuwa kijani, wao walitia bariamu. Buluu ndo kazi, inataka shaba na shaba moto ukizidi rangi inapotea, siku ukenda Maisara angalia buluu zilivyopauka.

Sasa suali: kitu kinakwenda kama mita 800 kwa sekunde, upepo wote ule, mbona hakizimiki, na sie ufukweni Nungwi tunamaliza kibiriti kizima hatujawasha hata jiko? Kwa sababu kibiriti kishawaka kinategemea hewa ya nje, na dawa ya tresa oksijeni yake imo humo humo ndani. Ndo maana hata ule mwenge mwekundu wa mkononi wa kuombea msaada baharini, masharti ya kimataifa ya meli yanataka uwake dakika nzima, na ukiuzamisha majini sekunde 10 uendelee kuwaka. Moto ndani ya maji, na si uchawi.

Waingereza walianza kuzijaribu tresa 1915, vita vya kwanza vya dunia, maana mpigaji aliyeko juu ya ndege alikuwa hajui risasi zake zinaendea wapi. Kwenye mkanda wa bunduki ya mashine kawaida inatiwa moja katika kila tano, kwa hiyo ule mstari unaouona, baina ya taa na taa mna risasi nne huzioni kabisa, na hilo mie ndo linanitisha. Ubaya wake, adui nae anauona mstari unakotoka, ndo wakabuni nyengine zinazochelewa kuwaka mpaka zishauacha mtutu. Tena dawa inavyoteketea kichwa kinapungua uzito, huko mbali tresa na risasi ya kawaida haziangukii pahala pamoja.

Na yule anaeuliza kama mtu anaweza kujijazia mwenyewe nyumbani: hapana, asijaribu. Dawa hiyo msuguano tu unatosha kuiwasha, kiwandani inashindiliwa kwa mashine na mfanyakazi kakaa nyuma ya ukuta. Hata Marekani, wenye mchezo wa kujijazia risasi zao, wanaotaka tresa wananunua kichwa kilichokwisha kutiwa dawa kiwandani, na viwanja vingi vya shabaha vinazikataa kwa sababu zikishaanguka bado zinawaka, majani makavu yanashika, moto huo unakula pori zima.