Kiingereza cha kutembeza wageni: kukariri peke yake hakutoshi

Nasomesha Kiingereza vijana wanaotaka kutembeza wageni hapa mjini Unguja, na karibu kila anayeingia darasani anaamini shida yake ni maneno, akipata maneno mengi basi mambo yamekwisha. Maneno wanayo, tena wengi wao wanayo kuliko wanavyojidhania. Kinachowaangusha ni swali.

Kijana anasimama mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la zamani, anamwaga vizuri kabisa, Sultan Barghash, 1883, umeme, lifti, yote kayachukua kwa mtu aliyemtangulia kwenye kazi, halafu mgeni anamuuliza ilikuwaje mpaka sehemu ya jumba ikaanguka Disemba 2020. Kimya. Au mbaya zaidi anacheka na kujibu "yes". Jamani swali hamkulifahamu msilijibu yes! Muombe arudie taratibu, au lirudie wewe kwa maneno yako umuulize kama ndo alichokusudia, hakuna aibu hapo, mgeni anaona anasikilizwa. Mimi darasani muda mwingi tunafanya hivo tu, mmoja anaeleza wenziwe wanamkatiza na maswali ya ajabu ajabu, kelele tupu lakini ndo wanapofunguka.

Jengine ni wakati uliopita, manake kazi yenyewe nusu yake ni kuhadithia ya zamani. Mkunazini pale soko la watumwa lilifungwa 1873, na kanisa la Askofu Steere likajengwa pahala hapo hapo. Sasa mtu anawaambia wageni "they sell slaves here", yaani wanauza mpaka leo, wanaelewa anachotaka kusema lakini ziangalie nyuso zao. Sisi tunatia -li- tu tushamaliza, kwa Kiingereza kitenzi chenyewe ndo kinageuka, na vile vigumu utakavyovitumia kila siku si vingi hivyo: sold, built, brought, fought, left, became, anza na hivyo kabla hujahangaika na kitabu kizima cha sarufi. Halafu ishike "used to", kwa mambo yaliyokuwa yakifanyika siku zote zamani inakubebea mzigo mkubwa sana, majahazi yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi, watu walikuwa wakiteka maji hapa, yote inaingia.

Namba nazo zina vituko. Vita vya Zanzibar na Waingereza vya tarehe 27 Agosti 1896 vilikwenda kama dakika arubaini hivi, ukitamka "forty" ikasikika "fourteen" hapo umepotosha historia tu, lakini ukimtajia mtu bei ya kwenda mashamba ya viungo Kizimbani, yeye kasikia dola "fifteen" na wewe ulisema "fifty", ugomvi wake unaujua wakati wa kulipa. Zile za teen sauti iegemee mwisho, uivute na n isikike. Zile za ty egemea mwanzo, mwisho ukate mfupi. Bado una wasiwasi? Iandike kwenye simu umuonyeshe, yamekwisha.

Kuomba pia watu wanakuchukulia wepesi. Mgeni kavaa kibukta na mabega wazi anataka kukatiza vichochoro vya Mji Mkongwe, ukimwambia "you must cover" inakuwa amri ya askari. Tanguliza sababu, kwamba huku ni majumbani kwa watu na wanapenda heshima, halafu ndo uombe kwa "could you". Watu wengi hawakatai wakielezwa hivo.

Na ujue kusema "people say" kwa lile usilokuwa na hakika nalo. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa kundi la Queen, kazaliwa hapa 1946, hilo halina ubishi, ila nyumba aliyoishi, eh, mara unaonyeshwa hii mara ile, na mgeni kashasoma kwenye intaneti kabla hajapanda ndege.

Mwisho, acheni kuiga lafdhi ya Mmarekani. Wageni wetu wengi Kiingereza si chao, Mtaliana, Mfaransa, mtu wa Poland, naye anatafuta maneno kama wewe, kwa hiyo ukikimbia unampoteza. Sentensi fupi, pumzika, mtazame kama kafahamu ndo uendelee. Ukitaka kujipima jirekodi kwenye simu ukitembea toka Forodhani mpaka Darajani ukieleza unachokiona, kisha mpe mtu asiyeijua njia hiyo asikilize halafu akuulize maswali yake.