Pikipiki ya umeme si ya matajiri tu

Kuna hii stori imezunguka miaka mingi, eti chombo cha umeme ni cha mwenye hela na garaji ya kuchajia nyumbani, kwamba boda wa kawaida atakaa masaa akingoja chaji huku wateja wanaenda. Si kweli, na inaniuma maana inawazuia hao hao wanaoumia zaidi na bei ya petroli.

Kitu ghali pale ni betri. Sasa kampuni kama Ampersand, walioanza Kigali 2019 halafu wakaja Nairobi, wanakuuzia pikipiki bila betri, betri inabaki yao, ikiisha unapita kituoni unaacha ile tupu unapewa iliyojaa, dakika chache tu uko barabarani tena, unalipia chaji basi. Hata mabasi, BasiGo walianza Nairobi 2022, mwenye matatu analipia betri na chaji kwa kila kilomita.

Shida ya kweli ni vituo. Mjini vipo, ukitoka nje vinapungua sana, so kama kazi yako ni safari za mbali subiri kwanza, ila wa kuzunguka Nairobi siku nzima apige hesabu ya petroli yake ya wiki alinganishe.