Koti Huanzia Begani

Wiki hii ameingia kijana wa nne, suti mpya mkononi. Jumatatu anaanza kazi benki. Alipovaa koti, mabega yakamshuka vidole viwili kila upande. "Nimechukua kubwa makusudi, fundi. Kubwa hupunguzwa, ndogo haina dawa." Kauli hiyo naisikia tangu nianze kushika mkasi, na inanichosha kwa sababu nusu yake ni kweli.

Kiuno cha koti nitakibana ubavuni, sentimita tatu au nne, bila shida. Suruali napunguza kwa mshono wa nyuma, na hata kuiachia ikiwa ndani kuna akiba ya kitambaa. Pindo nalimaliza mteja akisubiri.

Bega ni habari nyingine. Ili nilipunguze, lazima nifumue mkono wote, nitoe pedi, nikate kitambaa, kisha nirudishe mkono kwenye tundu lililokwisha kubadilika umbo. Na mkono wa koti hukatwa mpana kidogo kuliko tundu lake. Ile ziada hufinywa taratibu na kulainishwa kwa mvuke ili mkono uanguke vizuri bila mikunjo. Ukihamisha bega umevuruga hesabu hiyo yote. Sentimita moja nimewahi kuipunguza ikapendeza. Nilipojaribu zaidi ya hapo kifua kikavuta, na mwenye koti nikamrudishia fedha yake.

Kwa hiyo ukiwa dukani, mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia. Simama ubavu kwa ukuta, uusogelee polepole: bega la koti likigusa ukuta kabla ya mkono wako, livue. Wanawake nao ni hivyo hivyo, na wawe makini zaidi, maana makoti yao mengi huachiwa akiba ndogo sana kwenye mishono.

Hata mimi hukosea. Watu wengi wana bega moja lililo chini ya jingine, na mbele ya kioo kila mtu hujinyoosha. Nimewahi kubana pini kwa kufuata mkao ambao mteja aliuacha palepale kwenye kioo. Siku hizi namwomba anisimulie habari yoyote ninapopima, asahau mwili wake. Mara nyingine inasaidia.

Urefu wa koti usiutegemee kupunguzwa zaidi ya sentimita mbili. Mifuko itakaribia pindo na koti litaonekana limekatwa.

Kuhusu kitambaa, msikimbilie namba kubwa ya "Super" kwenye lebo, inayoonyesha wembamba wa sufu. Super 100 maana yake unyoya wa sufu hauzidi unene wa maikroni 18.75 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), Super 150 hauzidi 16.25. Ni laini zaidi, ndiyo, lakini huchakaa upesi kwa mtu anayekaa kitini kutwa. 100 au 110 inatosha. Rangi iwe bluu iliyokoza au kijivu kilichokoza. Nyeusi huonyesha kila punje ya vumbi. Kama duka linauza suruali ya pili ya kitambaa hichohicho, ichukue, kwa kuwa suruali hufa kwanza, tena mapajani, wakati koti bado zima.

Makoti ya gundi kifuani, yaani yale ambayo kitambaa cha ndani kinachokaza kifua kimegandishwa badala ya kushonwa, nilikuwa nayakataa kabisa. Sasa sina uhakika tena. Gundi za siku hizi zimeboreka, na koti likiwa jipya mara nyingine siwezi kulitambua kwa macho. Tofauti hujitokeza baada ya kwenda kwa dobi mara kadhaa, kifua kinapoanza kufanya malengelenge.

Na usinunue suti tatu kabla ya siku ya kwanza. Nunua moja, mashati manne au matano, na viatu vya ngozi. Wanaoonana na wateja huvaa suti kila siku. Wanaokaa na mahesabu ndani, pengine shati na suruali tu. Hilo utaliona wiki ya kwanza, kwa macho yako.

Kijana alilirudisha koti dukani, akaja na lililo dogo kwa saizi mbili. Bega lilikaa. Nilipunguza mikono ili shati litokeze sentimita moja, nikakata ule uzi mweupe wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma, ambao alidhani ni urembo, kumbe ni wa kuushikilia tu hadi koti liuzwe. Kabla ya saa kumi alikuwa ameondoka nalo.