Mkata miwa wa msimu naye ni mwajiriwa

Kila msimu wa miwa unapofungwa katika bonde la Kilombero, ofisi za kazi hupokea simu kutoka Makete, Ludewa, Mbeya na hata Dodoma. Mpigaji ameshafika kwao. Anadai nauli aliyojilipia, au wiki tatu alizolala kambini na kidonda bila malipo, na mara nyingi hana karatasi hata moja. Kwa kuwa watu wanakusanywa tena kwa msimu ujao, ni vema mambo haya yakaeleweka kabla magari hayajaondoka vijijini.

Tuanze na nauli, maana ndiyo inayoleta kelele. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema mkataba ukiisha mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake, au amlipie usafiri, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na alikoajiriwa. Pia anamlipa fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Lakini sharti ni kwamba mwajiri, au wakala wake, ndiye aliyekufuata. Aliyepanda basi mwenyewe na kuja kuomba kazi getini hakuajiriwa Makete, ameajiriwa Kidatu huku bondeni, na ofisi haiwezi kumdaia nauli hiyo hata akirudi mara kumi. Mkandarasi anayeajiri wakata miwa naye asijifiche nyuma ya mnyapara: mnyapara aliyetumwa kijijini kutafuta watu ni wakala wake. Ndiyo maana sheria inataka maelezo ya maandishi ya ajira yaonyeshe mahali mfanyakazi alipoajiriwa. Isomeni sehemu hiyo kabla ya kuweka dole gumba.

Ugonjwa wa kawaida na ajali ya kazini ni mafaili mawili tofauti. Tumelieleza hili kwenye mikutano, kwenye redio, na bado mtu anafika na cheti cha malaria akidai fidia. Malaria ni ya likizo ya ugonjwa. Wapo wanaowaambia watu kuwa wa msimu hana likizo yenye malipo kwa sababu hajafikisha miezi sita. Si kweli, sheria imemtaja mfanyakazi wa msimu waziwazi kuwa anastahili. Katika mzunguko wa miezi 36 ni siku 126, yaani 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Asiye na cheti cha daktari halipwi, kwa hiyo ukizidiwa nenda zahanati upewe ED, yaani cheti cha kupumzishwa kazi. Kumeza dawa za dukani na kujilaza kambini hakuandikwi popote. Hili linawahusu zaidi wanaotoka nyanda za juu za Njombe, ambako malaria ni haba: bondeni huugua vibaya, na homa ikianza wapime siku hiyohiyo.

Ajali ina njia yake. Panga likiteleza kwenye muwa likakata muundi, mara nyingi majeruhi hupakiwa bodaboda, hushonwa, hupewa fedha kidogo ya pole na kusainishwa kwamba hana madai. Karatasi hiyo haimwondolei mwajiri wajibu wa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7. Mfuko hugharamia matibabu, na aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Madai yafikishwe ndani ya miezi 12. Kwa kuwa wengi hulipwa kwa tani au kwa mistari, tunza vikaratasi vya malipo, maana bila hivyo mshahara wa kukokotolea unakuwa ubishi. Mchango wa Mfuko, asilimia 0.5 ya mishahara, ni wa mwajiri peke yake. Kumkata mfanyakazi hairuhusiwi. Mwajiri asiyejisajili anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 50, kufungwa hadi miaka mitano, au vyote.

Wanaotumia ARV au dawa za TB waombe uhamisho kliniki kabla ya kusafiri. Dawa ni bure kwenye vituo vya serikali huku kama kule. Mama abebe kadi ya kliniki ya mtoto.

Mwisho, muda. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, nauli ikiwemo, siku 60. Ukichelewa utajaza fomu CMA F.2 ukieleza sababu, na "nilikuwa nalima kwetu" haijawa sababu inayokubalika kirahisi. Shauri hufunguliwa kwa fomu CMA F.1, nakala akapelekewa mwajiri, katika ofisi ya Tume ya eneo mgogoro ulipotokea. Kwa mkata miwa wa Kilombero hiyo ni Morogoro, si Njombe, kwa hiyo dai kabla hujapanda basi.