Je, Wajua Kwa Nini Meya wa Tanga Hatoi Amri Mafuriko Yakija?

Masika yakikolea Ngamiani, jijini Tanga, mfereji uliozibwa na chupa za plastiki hutapika. Maji hupanda kizingiti, gunia la mchele linapandishwa mezani, watoto wanapandishwa kitandani. Kesho yake kwenye baraza la kahawa swali huwa moja: "Meya yuko wapi?"

Ni swali la haki, ila jibu lake huwashangaza wengi. Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga hana mamlaka ya kuamuru watu wahame, wala hawaagizi polisi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kamati ya maafa ya wilaya huongozwa na mkuu wa wilaya, mteule wa Rais. Watumishi, greda na malipo ya halmashauri viko mikononi mwa mkurugenzi wa jiji, naye pia mteule wa Rais. Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake awe mwenyekiti wao kwa miaka mitano. Joho na mkufu vinampa heshima kubwa ukumbini, lakini greda haliondoki kwa neno lake peke yake.

Basi nguvu yake iko wapi? Tuirejee historia kidogo. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri na kazi zake zikaendeshwa kutoka juu. Huduma za miji zikadorora: taka zikalundikana, mifereji ikaachwa, kipindupindu kikatisha watu. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Taka na mifereji, kumbe, ni miongoni mwa sababu za baraza kuwepo tena.

Kwa hiyo nguvu ya meya hutumika kabla wingu halijafunga. Yeye ndiye anayeongoza kamati ya fedha, inayokaa kila mwezi, na ndiye anayeongoza baraza linapopitisha bajeti. Mfereji wa Ngamiani unaokolewa au kusahaulika hapo, kwenye karatasi, miezi mingi kabla ya mvua. Nami naona hapo ndipo wananchi tunapopakosea: tunamtafuta meya mwezi wa nne, na kikao cha bajeti, ambacho tunaruhusiwa kuingia na kusikiliza, viti vya wasikilizaji vinabaki vitupu.

Maafa yakishafika, meya ana madiwani. Kila kata ina wake, na diwani anawajua wenyeviti wa mitaa. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayejua kwamba nyumba ile ya uani analala bibi asiyeweza kutembea. Taarifa ya namna hiyo haimo kwenye faili lolote la ofisini. Meya mwenye namba za watu hawa, na anayepokelewa simu yake usiku wa manane, humsaidia mkuu wa wilaya kuliko hotuba yoyote.

Kwingine mambo ni tofauti. Tanga ina udugu na mji wa Toledo, jimbo la Ohio, Marekani. Kule meya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja na ndiye mtendaji mkuu wa jiji, idara ya maji ikiwa chini yake. Agosti 2014 sumu ya mwani wa Ziwa Erie iliingia kwenye maji ya bomba. Watu wapatao 400,000 wakaambiwa wasiyanywe, na wasiyachemshe, maana kuchemsha huizidisha sumu hiyo. Hata meya yule, D. Michael Collins, pamoja na madaraka yake yote, alimhitaji gavana atangaze hali ya dharura na askari wa jimbo walete maji safi. Siku ya tatu vipimo vikaonyesha maji yamekuwa salama. Lakini nani angethubutu kunywa wa kwanza? Collins alisimama mbele ya waandishi wa habari, akainua glasi ya maji ya bomba, akanywa.

Tanga maji ya bomba yanatoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na msimamizi wake ni mamlaka ya maji, si meya. Lakini glasi ile haikuhitaji sheria wala saini ya mkurugenzi. Ilihitaji meya ambaye watu wake, wakimwona ameyanywa, nao watakinga ndoo.