Dakika ya 30 kibandani

Ninayo rekodi moja kwenye simu ambayo nimeisikiliza mara nyingi kuliko wimbo wowote. Ni sauti yangu mwenyewe, nikikalimani kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwenye mkutano mmoja hapa Arusha, mchana, watu wametoka kula. Siku ile sikuwa na mwenzangu kibandani, kile chumba kidogo wanamokaa wakalimani wakisema kwenye maikrofoni. Mwandaaji alisema bajeti yake inatosha mtu mmoja, nami nikakubali, jambo ambalo sijalirudia tena. Niliendelea kwa muda wa saa moja na dakika 12 bila mtu wa kunipokea. Nilitoka nimelowa jasho, shingo imekaza, lakini nimeridhika. Ungeniuliza pale mlangoni ningekuapia kwamba kazi imetoka safi.

Usiku nikaisikiliza. Dakika 20 za mwanzo ni mimi ninayejijua: sentensi zinafika mwisho wake, tarakimu zimekaa mahali pake. Ikipita dakika ya 30 naanza kukata mikia ya sentensi. Msemaji anataja wakulima milioni tatu na laki nne, mimi nasema "wakulima wengi". Baadaye kidogo mwenyekiti anatangaza kwamba kikao kitarejea saa kumi alasiri. Kwa Kiingereza, bila shaka, alitaja nne. Nami nikawaambia wajumbe wanaonisikiliza kwa Kiswahili warudi saa nne.

Kilichonitisha ni sauti. Haikusita hata kidogo. Nilisema saa nne kwa uhakika uleule niliokuwa nao nikisema "karibuni" asubuhi.

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu maombi ya ukalimani wa Kiswahili yameongezeka. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na sasa wanatupigia watu ambao hawajawahi kuajiri mkalimani. Swali la kwanza karibu kila mara ni hili: "Kwani lazima muwe wawili?"

Ndiyo, lazima. Nieleze kwa nini.

Katika ukalimani sawia unasikiliza sentensi ya sasa huku ukisema sentensi iliyopita, na katikati yake umeshika vipande ambavyo bado havijapata pa kukaa. Daniel Gile, mtaalamu wa ukalimani kutoka Ufaransa, aliigawa kazi hii katika juhudi tatu, yaani kusikiliza, kukumbuka na kusema, kisha akaongeza ya nne, ya kuziratibu hizo tatu. Zote zinakula kutoka sahani moja. Alisema mkalimani hufanya kazi karibu kabisa na ukomo wa uwezo wake, kama mtu anayetembea juu ya kamba, kwa hiyo kitu kidogo tu kinatosha kumwangusha. Na kumbukumbu ya muda mfupi ni ndogo kuliko tunavyojidhania. Mwanasaikolojia Nelson Cowan alipoupitia ushahidi mwaka 2001 alikadiria kwamba tunaweza kushika vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Vinne!

Sasa ingiza Kiswahili hapo. Kiingereza hutanguliza sifa, jina likafuata. Msemaji anaweza kupanga sifa tatu mfululizo kabla hujajua anazungumzia nini, nawe huwezi hata kufungua mdomo, maana hujui kama utasema "mpya", "jipya", "kipya" au "mapya". Ngeli inasubiri jina. Unazibeba sifa zote mkononi mpaka mwenye nazo atokee, na wakati huo msemaji anakuja na sentensi nyingine.

Tarakimu ni mbaya zaidi. Kwa Kiingereza hesabu inatangulia, kipimo kinafuata; sisi kipimo kinatangulia. Tunaanza na "milioni" au "laki" au "elfu", ndipo tunasema ngapi. Chukua 347,500. Mwingereza anaanza kwa tatu, anapita mia, arobaini na saba, ndipo anakuambia kwamba ni maelfu. Mpaka hapo wewe umenyamaza, umebeba. Kisha unatakiwa useme "laki tatu na elfu arobaini na saba na mia tano", silabi 20 hivi, wakati yeye alitumia 12 au 13. Unapomaliza kuzitamka ameshakuacha mbali. Tena tarakimu haina muktadha wa kukuokoa. Neno likikupotea unaweza kulikisia kwa maana ya sentensi. 347 ikipotea haikisiki.

Ndiyo maana kosa mara nyingi halitokei palepale penye ugumu. Tarakimu utaitoa sawasawa, kwa sababu umeikazania, halafu sentensi inayoifuata, nyepesi kabisa, ndiyo inaanguka. Ukiikagua rekodi unashangaa: mbona hapa palikuwa rahisi? Palikuwa rahisi, ila ulikuwa bado unalipa deni la nyuma.

Na saa zetu, jamani. Kila saa inayotajwa kwa Kiingereza unaihamisha kwa saa sita. Ukiwa mzima hata hulioni kuwa ni kazi. Ukichoka, hatua hiyo ya ziada ndiyo ya kwanza kurukwa, na neno linapita kama lilivyoingia.

Huko Geneva kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, na Barbara Moser-Mercer na wenzake. Walichukua wakalimani wachache wazoefu, wakawaacha waendelee kupita zamu ya kawaida ya nusu saa. Makosa ya maana yaliongezeka kadiri muda ulivyokwenda. Hilo mtu angelitarajia. Lakini wakalimani wenyewe hawakutambua jinsi kazi yao ilivyoshuka. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliyaona ya kuvutia tu. Niliyaelewa usiku ule, na simu sikioni. Kujikagua nako ni kazi ya akili, inayokula kwenye sahani ileile, na sahani ikikauka mkaguzi ndiye anayenyang'anywa kwanza. Kwa hiyo anayesema "bado niko vizuri, niache niendelee" hadanganyi. Anasema anachokiona, ila jicho la kuonea limeshafumba.

Mwili nao una sehemu yake. Kibanda cha kuhamishika cha watu wawili kwa kawaida kina upana wa mita 1.6 hivi. Feni ikipiga kelele inazimwa, joto linapanda. Koo linakauka. Ukinywa maji mengi unajua kitakachofuata. Yote hayo yanavumilika. Kisichovumilika ni sauti mbovu. Viwango vya kimataifa vinataka mkalimani asikie masafa ya sauti kuanzia hezi 125 mpaka 15,000, kwa sababu konsonanti kama s na f zinaishi huko juu. Mikutano ya mtandaoni mara nyingi hukata sehemu hiyo. Mjumbe wa kawaida haoni tatizo, anaelewa vizuri tu. Wewe unayesikia huku unasema inabidi ubongo uzibe kila pengo kwa kukisia. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza hutenganishwa na mkazo na "n" moja ya mwisho. Kwenye laini mbovu, siku ya bajeti, hiyo "n" ina thamani ya fedha za watu.

Watu huniuliza kama uzoefu hauondoi haya. Unasaidia, lakini haupanui sahani. Unachofanya ni kufunga mizigo vizuri. "Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, mabibi na mabwana" kwa mwanagenzi ni vipande vitatu. Kwangu ni kimoja, kinatoka chenyewe huku nikisikiliza kinachofuata. Ndiyo maana nasumbua watu wanitumie hotuba mapema. Nikishalisoma jina la mradi jana yake, leo haliingii kama mgeni.

Ukomo huu ulijulikana tangu mwanzo. Nürnberg, Ujerumani, mwaka 1945, kwenye kesi ya viongozi wa Kinazi iliyoendeshwa kwa lugha nne, wakalimani walipangwa katika timu tatu za kupokezana, na kulikuwa na taa: ya manjano ikiwaka msemaji apunguze kasi, nyekundu asimame. Jaji, wakili, mshtakiwa, taa iliwahusu wote. Hapa Arusha pia, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, ilitegemea vibanda kila siku, na mkalimani aliyesikia ushahidi wa mauaji ilimbidi aseme "mimi niliona", kwa nafsi ya kwanza. Uchovu wa namna hiyo haupimwi kwa dakika, na nawaheshimu sana waliofanya kazi ile.

Basi tunafanya hivi. Zamu ni dakika 20 mpaka 30. Asiye zamuni hatoki kwenda kuchati: anaandika kila tarakimu na kila jina kwenye karatasi kubwa katikati ya meza, ili mwenzake asome badala ya kukumbuka. Saa anaiandika ikiwa imeshahamishwa. Na yeye, aliyepumzika, ndiye anayeamua nani apokewe.

Wiki iliyopita nilikuwa dakika ya 24, msemaji mzuri, mada naijua, najisikia kama nimeamka sasa hivi. Mwenzangu akagonga meza mara mbili kwa kidole. Nikatikisa kichwa kwamba bado. Akaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: DADA, UMESEMA 2032. NI 2023. Akawasha maikrofoni yake, nami nikazima yangu.